Tofauti ya Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nililinunua kwa mazoezi ya urari, ndiyo maana lina safu mbili za tarakimu pembeni. Mazoezi nitafanyia kwingine. Humu nitaandika mambo yangu ya muhula huu, na hizo safu zitanisamehe.

Leo mhadhiri wetu wa uhasibu amerudisha karatasi za jaribio. Darasa zima tunamwita Bwana Salio, kwa sababu hawezi kutoka darasani kabla hajafunga hesabu, hata iwe hesabu ya viti. Nimepata sabini na tatu. Naandika tena ili niione: sabini na tatu, kwa wino mwekundu, imezungushiwa duara. Kama kawaida yake aliandika ubaoni, "Watu 42. Jumla ya alama 2,310. Wastani 55." Nikanakili, maana mimi hunakili kila anachoandika, hata anapojaribu kalamu.

Kisha akatufundisha ujanja wa tisa. Ukipishanisha tarakimu mbili, ukaandika 54 badala ya 45, tofauti yake itagawanyika kwa tisa. Kila mara. "Urari ukikataa, pande mbili zisipolingana," alisema, "gawanyeni tofauti kwa tisa kabla hamjaanza kulia." Tukajaribu namba zote tulizoweza kuzifikiria, na haikukataa hata moja.

Ninayelala naye chumba kimoja tunamwita Bibi Harusi, kwa sababu hukaa mbele ya kioo saa nzima hata akiwa anakwenda kununua mkate. Karatasi yake aliikunja mara nne kabla sijaiona.

"Umepata ngapi?" nikamuuliza.

"Za kutosha."

Nilimpigia kaka. Kaka yangu ni fundi bomba. Baba alipofariki aliacha shule ili mimi niendelee, na ada yangu inatoka kwenye mabomba ya watu. "Mhasibu Mkuu!" akapiga kelele simuni. "Sabini na ngapi?"

"Na tatu."

"Hizo tatu ni zangu. Sabini baki nazo."

Alhamisi, 7 Machi

Mvua ya kwanza. Bati la bweni limetoboka juu ya sanduku langu hasa, si juu ya kitu kingine chochote. Karatasi zote zimelowa. Ile ya jaribio imekuwa uji wa rangi ya waridi. Nimekwenda kwa mlezi wa bweni kulalamika, akanishauri nihamishe sanduku.

Ijumaa, 15 Machi

Orodha ya alama imebandikwa ubaoni nje ya ofisi ya taaluma, kwa namba za usajili. Kwenye namba yangu pameandikwa 37.

Nilidhani nimesoma mstari wa mtu mwingine. Nikaweka rula. Nikaomba mtu mwingine asome. Thelathini na saba. Na kwa kanuni za kitivo, mwenye chini ya arobaini haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho wa somo hilo; anarudia mwaka, na ada ya mwaka huo analipa upya. Orodha ya watakaofanya mtihani inafungwa Ijumaa, tarehe 26 Aprili.

Bibi Harusi ana 74. Nikamkumbatia kwa mkono mmoja, mkono wa pili bado uko kwenye mstari wangu. Hakufurahi nilivyotarajia. Nikaona ni huruma tu, na nikampenda zaidi. Yeye anasomeshwa kwa ufadhili wa kitivo, unaotaka sitini kwenda juu kwa kila jaribio, kwa hiyo sasa angalau mmoja wetu amepona.

37 na 73. Mtoto wa chekechea angeona kilichotokea. Jumatatu asubuhi nitakwenda kwenye dirisha la ofisi ya taaluma, watarekebisha, yaishe.

Jumatatu, 18 Machi

Hayajaisha.

Masuala ya alama yanashughulikiwa dirisha la tatu. Nimepanga foleni tangu saa mbili, nimefika mbele saa tano. Karani ni mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani, na hakuinua uso.

"Dada, shikamoo. Alama zangu zimekosewa. Nilipata sabini na tatu, mmeandika thelathini na saba."

"Mfumo haukosei."

"Tarakimu zimepishana tu, dada. Ukiangalia—"

"Karatasi yako iko wapi?"

"Ililowa. Bweni linavuja."

"Basi na alama zako zimelowa. Anayefuata!"

Watu nyuma yangu walicheka. Nimetembea kwenye mvua hadi bwenini nikiwa na majibu kumi na mawili mazuri, yote yamechelewa.

Jumanne, 19 Machi

Dirisha la tatu limefungwa. Mvua.

Jumatano, 20 Machi

Dirisha limefunguliwa. Karani hayupo.

Alhamisi, 21 Machi

Leo nilimfuata Bwana Salio ofisini kwake. Bibi Harusi alinisindikiza hadi mlangoni, akabaki nje ameshika mwavuli.

Nilimweleza vizuri, bila kupandisha sauti. Akanisikiliza huku akipanga kalamu zake kwa urefu. Kisha akasema, "Alama zikishaingia kwenye mfumo, mfumo ndio asili."

"Lakini mwalimu, daftari lako la alama si lile pale?" Lilikuwa rafuni nyuma yake, la kijani, limeandikwa jina la somo letu. Ningenyoosha mkono ningelifikia.

"Nikilifungua kwa ajili yako, kesho nitakuwa na watu arobaini na mmoja mlangoni. Kuna utaratibu. Ushahidi ni karatasi ya mwanafunzi. Niletee karatasi."

Mtu huyu anatufundisha udhibiti wa hesabu! Anatuambia kila siku tusiamini namba mpaka tuone ilikotoka, na ilikotoka namba yangu ni nusu mita kutoka kisogo chake. Nilitoka bila kuaga.

"Achana nao," Bibi Harusi aliniambia njiani. "Utarudia mwakani, utapata hata themanini."

"Kwa ada ya nani?"

Akasogeza mwavuli upande wangu.

Jumatano, 27 Machi

Kaka amepiga. Yuko juu ya dari ya mtu, nilisikia maji yakichuruzika. Ameuliza mtihani lini, nikamwambia tarehe 14 Mei. Sikumwambia kingine. Akasema amepata kazi ya kubadilisha mabomba ya jengo zima la ghorofa tatu, ada ya mwisho isinitie wasiwasi. Nilikata simu nikaanza kulaani watu kwa majina yao kamili.

Jumatatu, 1 Aprili

Fomu ya kulalamikia alama ina kurasa nne. Ukurasa wa tatu unasema: ambatanisha karatasi ya jaribio. Nimeambatanisha. Lile bonge la waridi lilishakauka, nikalitia kwenye bahasha nikalipeleka.

Ijumaa, 5 Aprili

Fomu imerudi. "Kiambatisho hakisomeki."

Jumatano, 10 Aprili

Nilikuwa natafuta karatasi nyeupe, nikafungua daftari la mwezi wa tatu, nikaiona: Watu 42. Jumla 2,310.

Jumla! Alifunga hesabu mbele yetu kwa mkono wake. Kama orodha ya ubaoni ina kosa la 73 kuwa 37, basi jumla yake itapungua kwa thelathini na sita. Nilikimbia hadi ubaoni bila mwavuli nikanakili alama zote arobaini na mbili, nikajumlisha nimesimama pale pale.

2,301.

Tofauti ni tisa. Si thelathini na sita, tisa tu. Nimejumlisha mara nne, mara mbili kutoka juu, mara mbili kutoka chini, na kila mara inatoka tisa.

Alhamisi, 11 Aprili

Nilimpelekea mwalimu hivyo hivyo. Kosa lipo, na ni lao. Bwana Salio akaikubali ile tisa haraka kuliko nilivyodhani, macho yakamng'aa kabisa, akaanza kunifundisha.

"Safi sana. Lakini tisa ni tarakimu zinazopishana kwa moja. Hamsini na nne na arobaini na tano, kwa mfano. Kosa lako wewe lingetoa thelathini na sita. Kwa hiyo kosa lipo, ila si lako."

"Basi litafute hilo lililopo, mwalimu."

"Hajalalamika mtu."

Mimi ni nani basi? Nimesimama mbele yake nimelowa mpaka soksi, na hajalalamika mtu!

Jumamosi, 13 Aprili

Nimelipata. Sina furaha.

Kwenye somo letu kuna kitu kinaitwa makosa yanayofidiana. Moja linavuta chini, jingine linavuta juu, na anayeangalia jumla haoni lolote, au anaona kidogo. Yangu imevuta chini thelathini na sita. Ili ibaki tisa, lazima kuna mtu aliyepandishwa ishirini na saba. Ishirini na saba ni tarakimu zinazopishana kwa tatu, kubwa ikiwa mbele. Nimepitisha rula kwenye orodha nzima. Ziko mbili tu, 52 na 74.

Mwenye 52 ni kijana anayekaa safu ya mbele. Nimemkuta maktaba, na karatasi yake anatembea nayo ndani ya kitabu, kwa fahari. Hamsini na mbili, wino mwekundu, duara.

Mwenye 74 sikuhitaji kumtafuta, kitanda chake kiko mita moja kutoka changu. Alipata arobaini na saba. Ndiyo maana karatasi ilikunjwa mara nne. Alijua tangu siku orodha ilipobandikwa, tangu nilipomkumbatia. Alinishikia mwavuli akijua!

Jumapili, 14 Aprili

Nilimsubiri amalize kioo.

"Ulipata arobaini na saba," nikasema.

Hakukana. Aliweka kitana chini polepole. "Nani kakwambia?"

"Hesabu."

"Ungefanya nini ungekuwa mimi?" Sauti yake ilipanda. "Nimekuta nimeandikiwa, sikuiba. Wakianza kukagua yako watakagua zote. Nikishuka chini ya sitini ufadhili umekwenda. Wewe una kaka. Mimi nina nani?"

"Kaka yangu analala juu ya dari za watu!"

"Na mama yangu anauza maji ya chupa njiani! Kwa hiyo unataka nizame ili wewe uelee?"

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki humu. Na yeye akaniambia yake. La kuudhi zaidi ni kwamba baadaye tulipika chai kwenye jiko moja kwa sababu lipo moja, kila mmoja akamimina yake bila kumtazama mwenzake.

Jumatano, 17 Aprili

Dirisha la tatu. Sikuwa na jipya la kusema, nimekwenda kwa hasira tu, nikachelewa, nikawa wa mwisho. Karani aliniangalia nilivyolowa, akafungua mlango wa pembeni akanipa kiti na kanga ya kujifutia.

"Mwanangu, wewe huchoki?"

"Nimechoka sana, dada. Lakini nilipata sabini na tatu."

Alichungulia koridoni, akarudi. "Nikwambie kitu, na sikukwambia mimi. Siku ile ya kuingiza alama mvua ilikuwa kubwa. Mwalimu wenu alitakiwa kuja na daftari, tukae, yeye asome mimi niandike, kisha tuhakiki pamoja, tutie saini. Hakutaka kulowa. Alinisomea kwa simu, tarakimu mojamoja, saba, tatu, nne, saba. Juu ni bati. Nilikuwa nasikia nusu. Nikamwomba arudie, akasema ana kikao."

"Kwa nini hukusema?"

"Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu. Nikisema nimekosea mimi, wananitoa. Nikisema mfumo, basi. Mfumo hauna watoto wa kulisha."

Mwezi mzima nimemchukia mwanamke huyu. Kuanzia leo nimeihamisha chuki yote ghorofa ya pili, mlango wenye kibao cha shaba. Bwana Salio, asiyetoka darasani bila kuhesabu viti, alisoma maisha yetu simuni kwa sababu hakutaka viatu vyake vilowe.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilikwenda ofisini kwa Bwana Salio nikamwandikia ubaoni: chini 36, juu 27, inabaki 9.

Akatazama muda mrefu. "Inawezekana," akasema. "Huyo wa juu ni nani?"

Jina lilikuwa limefika mdomoni. Namba ya usajili naijua kwa kichwa. Ilibaki kuisema tu, na kaka angeshuka kwenye ile dari. Nikaweka chaki chini.

"Angalia daftari lako, mwalimu, utamwona mwenyewe."

"Hunipi jina, hunipi karatasi. Unanipa nadharia." Akafuta ubao wangu.

Nilirudi chumbani nikamkuta Bibi Harusi kitandani. "Nimeulizwa jina lako nikanyamaza!" nilimpigia kelele. "Zimebaki siku nne, nimenyamaza, na hata sijui kwa nini!" Nikavua viatu nikavitupa ukutani. Kimoja kilivunja kioo chake. Akashuka kitandani akaanza kuokota vipande.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Kimya.

Jumatano, 24 Aprili

Nimerudi kutoka darasani nikakuta karatasi juu ya mto wangu, imekunjwa mara nne. Arobaini na saba, wino mwekundu, duara.

Alikuwa anajitazama kwenye kipande cha kioo kilichobaki. "Chukua upeleke," akasema. "Na usiniletee maneno ya shukrani. Nimechoka kukusikia ukilaani usingizini."

Sikumshukuru. Bado nilikuwa na hasira naye. Nilikaa nimeishika ile karatasi mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 25 Aprili

Bwana Salio aliisoma pande zote mbili, kisha, siku ya arobaini na moja tangu orodha ibandikwe, akageuka akachukua daftari la kijani. Akapitisha kidole. Yangu, 73. Ya Bibi Harusi, 47. Nilihesabu muda. Haikufika nusu dakika.

"Karani huyu mzembe," akasema. "Nitaandika barua."

Nilikuwa nimejiapiza nisiseme, lakini niliona ile kanga, na kile kiti. "Ukiandika, mwalimu, andika na ile simu. Andika ulisoma tarakimu mojamoja kwenye mvua, na hakuna aliyehakiki. Sisi tukijibu hivyo kwenye mtihani unatupa sifuri."

Nilidhani atanifukuza. Alipanga kalamu zake upya, zote, kutoka fupi kwenda ndefu. Kisha akaandika kwenye fomu: "Kosa la mfumo." Akatia saini.

Hakuniomba radhi. Orodha mpya imebandikwa saa kumi, kichwa chake "Marekebisho Madogo."

Nilimpigia kaka nikamweleza yote kuanzia mwanzo. Akauliza, "Kwa hiyo zile tatu zangu walizipeleka mbele?"

"Ndiyo, kaka."

"Wezi wakubwa," akasema, na nikasikia anapenga kamasi.

Jumatatu, 29 Aprili

Bibi Harusi amepokea barua. Ufadhili umesitishwa kuanzia mwaka ujao wa masomo, kwa kutofikisha alama sitini, "kama mfumo unavyoonyesha." Hakuna mahali walipoandika kwamba alipeleka karatasi yake mwenyewe. Hakuna neno kuhusu simu wala mvua.

Nimehesabu, kwa sababu ndicho ninachosomea. Kunirudishia alama zangu kulichukua siku arobaini na moja, kurasa nne za fomu, na safari tisa dirishani. Kumnyang'anya yeye kulichukua siku nne, na mbili kati ya hizo ni Jumamosi na Jumapili. Kumbe wanaweza kukimbia! Wanajua kusoma mfumo haraka, wanajua kupiga chapa, wanajua kubisha hodi hadi mlangoni kwa mtu. Mimi sikubishiwa hodi hata mara moja.

Pole isingemlipia ada. Nikatoka nikamnunulia kioo. Ni kidogo kuliko cha zamani, uwezo wangu ndio huo.

"Kibaya," akasema. Akakitundika.

Jumanne, 14 Mei

Mtihani wa mwisho umefanyika leo, kwenye ukumbi mkubwa. Mvua imekatika wiki ya pili sasa, bati limenyamaza. Bwana Salio alipita kati ya viti akihesabu vichwa, alipofika kwangu akahesabu bila kunitazama.

Swali la nne, alama ishirini: "Kwa kutumia mfano, eleza makosa yanayofidiana, na taja udhibiti ambao ungeyazuia." Ametunga yeye. Nilikaa dakika nzima kalamu iko juu. Kisha nikaandika 73 na 47, nikaandika 37 na 74. Nikaandika kwamba msomaji na mwandishi wakae chumba kimoja, wahakiki, watie saini, na asiyetaka kulowa anunue mwavuli. Sentensi hiyo ya mwisho inaweza kunigharimu. Sikuifuta.

Nje nilimkuta Bibi Harusi amekaa kwenye ngazi, anajipepea na karatasi ya maswali.

"Umejibu la nne?" akaniuliza.

"Nimejibu."

"Mfano umetoa upi?"

"Sisi."

"Na mimi." Akacheka, kisha akaacha. "Wanasema rufaa ya ufadhili ina fomu ya kurasa sita. Sijui hata pa kuanzia."

Mimi najua pa kuanzia. Najua siku ambazo karani hayupo na siku ambazo dirisha limefungwa tu. Najua bahasha wanazozirudisha, na mlango wa pembeni wenye kiti. Kesho saa moja na nusu tunakwenda dirisha la tatu, sote wawili, ili tuwe wa kwanza.